Sanduku la Dawa Nyumbani kwa Maradhi ya Watoto

Wasomaji wote wajua ya kuwa maradhi ya mtoto hayangoji asubuhi. Mtoto hulala mzima, kisha usiku wa manane mwili wake huwa moto, au tumbo humwendesha, nayo zahanati imefungwa au iko mbali. Katika Mkoa wa Singida viko vijiji vingi, mathalani katika vichaka vya Itigi na upande wa Manyoni, hata huko Mkalama na Iramba, ambako mwendo wa kwenda kwa mganga ni wa saa nyingi kwa miguu. Na wakati wa mvua mito ya mchanga hujaa ghafula, hata pikipiki isiweze kuvuka. Katika saa hizo za kungoja wazazi wengine hukaa wakitazamana bila kufanya neno lo lote, na wengine hufanya jambo lililo baya kuliko kukaa kimya. Somo hili ni kwa walimu, wazee wa vijiji na wote wajuao kusoma, ili wapate kujua vitu vichache vipasavyo kuwekwa tayari nyumbani, namna ya kuvitumia, na tena vitu visivyofaa kuwamo kabisa.

Yafaa tuseme tangu mwanzo ya kwamba sanduku la dawa si zahanati ndogo. Kazi yake ni kutuliza maradhi madogo ambayo hupoa yenyewe, na kumtunza mtoto aliye mgonjwa sana mpaka afike kwa mganga akiwa hai. Kwa hiyo kitu cha kwanza katika sanduku si dawa, bali ni karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko, imeandikwa kwa herufi kubwa dalili za hatari. Dalili hizo ni hizi: mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, mtoto atapikaye kila kitu anachopewa, mtoto aliyepatwa na degedege, mtoto aliyelegea, au alalaye hata haamki vizuri. Tena, mtoto mchanga aliye chini ya miezi 2, akiwa na homa au mwili wake ukiwa baridi kuliko desturi, asitibiwe nyumbani hata kwa saa moja. Aonaye moja ya dalili hizi asianze kupekua sanduku akitafuta kidonge cha kufaa. Aanze safari, akimnyonyesha au kumnywesha mtoto njiani kama aweza kumeza.

Sanduku lenyewe laweza kuwa la mbao, au debe la bati lenye mfuniko, au ndoo ya plastiki ifungwayo sana. Sharti liwe na kufuli au kifungo ambacho mtoto wa miaka 4 hawezi kukifungua, nalo litundikwe juu kuliko mkono wa mtoto aliyesimama juu ya kigoda. Dawa nyingi hutakiwa kukaa mahali penye joto lisilozidi digrii 30 za Selsiasi, pakavu, pasipopigwa na jua. Hapa wenye nyumba za tembe wana bahati kuliko wenye nyumba mpya, kwa maana paa la udongo huzuia joto, na chumba cha ndani hukaa baridi hata saa 8 za mchana katika mwezi wa Oktoba. Bali chini ya bati lisilo na dari joto hupita kiasi. Mwenye nyumba ya bati na aliweke sanduku chini kidogo ya ukuta, katika chumba kisichopata jua la magharibi, wala asiliweke jikoni karibu na mafiga.

KUHARA

Maradhi ambayo sanduku la nyumbani laweza kuyashinda zaidi ya yote ni kuhara. Mtoto anayehara hafi kwa sababu ya tumbo lenyewe. Hufa kwa kuishiwa maji na chumvi mwilini, nayo huweza kutukia kwa muda wa siku moja. Dalili zake hujulikana: macho hudidimia, machozi hukauka, mkojo hupungua, mtoto huwa na kiu sana na kununa, na ngozi ya tumbo ikifinywa na kuachwa, hurudi polepole. Hali ikizidi, hata kiu humwisha, akalegea asitake kunywa.

Dawa yake ni chumvichumvi, yaani unga wa chumvi na sukari utiwao katika pakiti, ambao wauguzi huuita ORS. Watu wengi huidharau kwa kuwa ni rahisi na ladha yake ni ya chumvi tu, wakatamani sindano. Lakini historia yake ni kubwa. Katika mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi wengi sana walivuka mpaka wakaingia India, na kipindupindu kikawashika katika kambi. Huko Bongaon daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, aliishiwa maji ya kutundika mishipani. Basi akaamuru chumvi na sukari zichanganywe katika maji, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa kama 30. Kwa dawa hiyo vifo vilishuka vikawa chini ya 4. Sababu yake ni hii: hata utumbo ukiwa mgonjwa, sukari huweza kupita katika ukuta wake, na ipitapo huichukua chumvi pamoja nayo, na maji huifuata chumvi. Maji matupu hayapiti vivyo hivyo, na ndiyo maana mtoto aliyenyweshwa maji peke yake aweza kuzidi kudhoofika.

Weka pakiti 4 au zaidi daima. Kabla ya kuchanganya soma maandishi ya pakiti, maana nyingine ni za lita moja na nyingine ni za maji machache kuliko hayo. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Pakiti ya lita moja ikitiwa katika nusu lita, chumvi huwa kali, nayo humdhuru mtoto. Ikitiwa katika maji mengi mno, haina nguvu. Kipimo rahisi ni chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita: zijaze 2, nayo ni lita moja kamili. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha utie unga wote wa pakiti, wala usiugawe nusu kwa leo na nusu kwa kesho. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, yaani kama robo hadi nusu ya kikombe kidogo. Aliyepita miaka 2 apewe mililita 100 hadi 200. Apewe kwa kijiko au kwa kikombe, polepole. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwanze tena kwa kijiko kimoja kimoja. Mama asiache kunyonyesha, na aliyekwisha kuanza kula apewe uji wake wa uwele au wa mtama kama desturi, mara nyingi kuliko siku zote. Ile desturi ya kumnyima chakula mtoto anayehara, ati tumbo lipumzike, imewakondesha watoto wengi wakashindwa na ugonjwa uliofuata.

Pamoja na chumvichumvi viwemo vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, aliye chini ya miezi 6 nusu yake, kwa siku 10 hadi 14. Huyeyushwa katika kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Mama wengi huacha siku ya tatu kwa kuwa kuhara kumekwisha. Lakini zinki huendelea kumkinga mtoto hata baadaye, kwa hiyo siku zote zitimizwe.

Kama pakiti hakuna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, utie vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu ya kijiko hicho hicho cha chumvi. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Magadi hayafai badala ya chumvi. Huu ni msaada wa njiani tu, mpaka pakiti ipatikane. Na kinyesi kikiwa na damu, hiyo si kazi ya sanduku. Twaa chumvichumvi mkaende kwa mganga.

HOMA

Hapa pana jambo ambalo watu wa Singida wapaswa kulijua kuliko wengine. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria kidogo, kwa sababu ya ukavu wa nchi na baridi ya usiku. Maana yake ni kwamba homa nyingi za watoto wa hapa si malaria. Ni mafua, ni mapafu, ni masikio, ni mkojo, ni homa ya tumbo. Basi mzazi anayempa mtoto dawa ya malaria kila apatapo joto, aghalabu anatibu ugonjwa usiokuwapo na kuuacha ule uliopo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mtoto wa Singida apatwapo na malaria ya kweli huweza kuzidiwa upesi, maana mwili wake haukuizoea. Njia ya kuyatenganisha mambo haya ni kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole, kinachopatikana katika zahanati, na majibu yake hutoka kwa muda wa dakika 15 hadi 20.

Kwa hiyo dawa ya mseto, yaani ALu, isiwekwe katika sanduku. Wazee wakumbuka ya kuwa klorokwini ilikuwa katika kila nyumba na kila duka, ikitumiwa kwa kila joto. Vimelea vikaizoea, hata Serikali ikaiacha mwaka 2001 na kuweka dawa ya SP, nayo SP ikashindwa ikafuatwa na mseto tangu mwisho wa mwaka 2006. Mtoto aliyepimwa na kupewa mseto na amalize vidonge vyote vya siku 3, ampe mama pamoja na chakula au maziwa. Visibaki vya kumpa ndugu yake.

Dawa ya homa ya kuwekwa nyumbani ni parasetamoli ya maji. Haitibu ugonjwa wo wote. Hushusha joto na kutuliza maumivu, mtoto apate kunywa na kulala. Kipimo chake hufuata uzito, wala si umri, na uzito umeandikwa katika kadi ya kliniki. Ndiyo maana kadi hiyo ikae ndani ya sanduku. Kiasi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya mwili. Tuseme chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Mtoto wa kilo 5 apewe mililita 2 na nusu. Wa kilo 8 hadi 10 apewe mililita 5. Wa kilo 12, mililita 7 na nusu. Wa kilo 16 hadi 20, mililita 10. Chupa nyingine zina nguvu mara mbili ya hiyo, basi maandishi yasomwe kila chupa mpya inunuliwapo. Walimu wa hesabu wanaweza kuifanya hesabu hii darasani, nayo itawafaa watoto kuliko hesabu nyingi za vitabuni. Dawa irudiwe baada ya saa 6, wala isipite mara 4 kwa siku moja mchana na usiku, kwa maana ikizidi huharibu ini, na ini huharibika kimya kimya, mtoto akionekana mzima siku ya kwanza.

Vijiko vya jikoni havilingani. Kijiko cha chai cha nyumba moja huchukua mililita 3, na cha nyumba nyingine hukaribia 7. Weka katika sanduku bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Huuzwa katika maduka ya dawa, nalo ni kipimo cha kweli.

Asprini wasipewe watoto kabisa. Katika mwaka 1963 daktari Douglas Reye wa Australia aliandika habari za ugonjwa wa ubongo na ini uliowapata watoto, na baadaye ikaonekana ya kuwa asprini wakati wa mafua au tetekuwanga huhusika nao. Wazee waliokua wakinywa asprini hawana budi kuiweka kando na watoto.

Kiwemo pia kipimajoto cha betri. Kikiwekwa kwapani, joto la digrii 37 na nusu na zaidi ni homa. Mtoto mwenye homa avuliwe nguo nzito, anyweshwe sana. Blanketi tatu hazitoi homa, huizidisha. Homa ya siku 2 isiyoshuka ipelekwe zahanati, na mahali penye malaria ipelekwe siku ile ile.

Apatapo degedege, alazwe ubavu, mbali na moto na vyombo, wala kisitiwe kitu kinywani, si kijiko, si maji, si dawa. Katika sehemu nyingi za nchi degedege hudhaniwa kuwa kazi ya pepo, wakamfukiza mtoto moshi au kumkojolea, na saa hupita. Ni ubongo unaotikiswa na homa au malaria kali, na kila saa ina thamani.

KIKOHOZI

Kwa kikohozi chepesi cha mafua Singida imejaliwa dawa yake, nayo ni asali. Asali ya Manyoni na Itigi husafirishwa mbali, lakini wenyeji wengi huiuza yote wasiweke hata chupa moja. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja apewe kijiko kidogo kabla ya kulala. Hutuliza koo kama dawa nyingi za dukani, au kuzishinda. Aliye chini ya mwaka mmoja asiionje kabisa, hata kidogo ulimini, kwa kuwa asali huweza kuchukua mbegu za kijidudu kiletacho sumu ya kupooza, ambacho utumbo wa mtoto mchanga hauna nguvu ya kukizuia.

Lililo kubwa zaidi ni kujua kutenganisha mafua na ugonjwa wa mapafu, yaani nimonia. Chombo chake ni saa yenye sekunde, au simu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, tazama tumbo au kifua chake, ukahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Tangu miezi 2 hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Tangu mwaka mmoja hadi miaka 5, 40 au zaidi. Tena kifua kikiingia ndani chini ya mbavu kila avutapo pumzi, hiyo ni hatari. Andika hesabu hizi chini ya dalili za hatari katika ile karatasi ya kifuniko. Mwenye pumzi nyingi ahitaji amoksilini kutoka kwa mganga siku hiyo hiyo.

Amoksilini iliyobaki kwa jirani siyo. Dawa hizi za kuua vijidudu, pamoja na vile vidonge vya rangi mbili ambavyo watu huvipasua na kumwaga unga wake juu ya kidonda, zisiwemo sandukuni. Zikitumiwa nusu nusu, vijidudu huzoea, na siku ya haja ya kweli hazifai kitu. Sisemi lo lote juu ya wale wachukuao dawa ya sindano za ng'ombe na mbuzi kujitibu wenyewe na watoto wao, isipokuwa kwamba vipimo vyake ni vya mnyama wa kilo mamia.

MACHO

Nchi ya katikati ya Tanzania, Dodoma na Singida, imejulikana tangu zamani kwa ugonjwa wa vikope, uitwao trakoma, ambao huanza utotoni kwa tongotongo na wekundu, na kumaliza uzeeni kwa upofu, kope zikigeuka ndani na kukwaruza mboni. Inzi na mikono ndiyo wauchukuao. Kinga yake kubwa ni uso safi. Watu husema maji ni haba. Ni kweli, lakini kunawa uso wa mtoto huhitaji maji machache kuliko watu wadhanivyo, kama yanamiminwa kidogo kidogo kutoka katika kibuyu au kibuyu chirizi na kutegemezwa kwa mkono. Kila mtoto awe na kitambaa chake.

Marhamu ya macho ya tetrasaiklini, iliyo asilimia 1, yaweza kuwekwa sandukuni baada ya mganga kuyatazama macho na kuielekeza. Chembe ndogo hutiwa ndani ya ukope wa chini. Mrija ukiisha kufunguliwa una siku zake, basi andika tarehe juu yake. Dawa za macho alizopewa mtu mzima hospitali zisitiwe kwa mtoto, kwa kuwa nyingine hulainisha mboni na kuitoboa kama kuna kidonda. Maji ya majani, maziwa ya mama na mkojo visitiwe machoni. Katika miaka ya 1980 madaktari waliotazama watoto vipofu wa Tanzania waliona ya kuwa wengi waliharibika wakati wa surua, kwa upungufu wa vitamini A na kwa dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Huko Mvumi, Dodoma, watoto 180 wenye surua walitibiwa, wengine wakapewa vitamini A, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1987 ilionekana ya kuwa waliopewa walikufa wachache zaidi. Kwa hiyo matone yale watoto wanayopewa kila miezi 6, tangu miezi 6 hadi miaka 5, yasikosekane. Na chanjo ya surua vile vile. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni katika siku zake za kwanza apelekwe mara moja.

VIDONDA NA MOTO

Kwa majeraha weka kipande cha sabuni kisichotumiwa kwa kazi nyingine, shashi safi, bandeji 2, plasta, mkasi na glavu. Katika miaka ya 1920, Serikali ya Tanganyika ilipoanza kuwafundisha madresa wa vijijini, kazi yao kubwa ilikuwa kuosha na kufunga vidonda, na wengi walipona kwa hilo tu. Maji safi mengi na sabuni ndiyo dawa ya kidonda. Mtoto aliyeumwa na mbwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa dakika 15, kisha aende kwa mganga siku ile ile akachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa, ijapokuwa jeraha ni dogo.

Aliyeungua na uji au moto amiminiwe maji ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha afunikwe kitambaa safi. Asipakwe mafuta ya alizeti, dawa ya meno, majivu wala asali ya moto. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa hatari yake ni kuingia mapafuni wakati wa kutapika. Na sababu ya ajali hiyo ni moja karibu siku zote: mafuta ya taa, dawa ya pamba, dawa ya kuogeshea mifugo, vyote huwekwa katika chupa za soda na za maji ambazo mtoto amezoea kuona vinywaji ndani yake.

Kwa upele, dawa ya kupaka ya benzili benzoeti haina maana akipakwa mtoto mmoja. Watu wote wa nyumba wapakwe siku moja, na nguo na malazi yafuliwe na kuanikwa juani.

MAMBO AMBAYO HAYANA DAWA KATIKA WEMBE

Tumefika mahali pagumu, lakini haifai kupapita. Katika Singida na Dodoma kuna jina, lawalawa, lisemwalo juu ya watoto wadogo, hasa wa kike, wenye mwasho, wekundu na majimaji katika sehemu za siri. Ugonjwa huo ni wa kweli. Mtoto hulia na kujikuna. Aghalabu ni fangasi, au maambukizo ya mkojo, au ngozi iliyochubuka kwa nepi mbichi na uhaba wa maji. Lakini wako wasemao ya kwamba dawa yake ni kumkata. Watafiti waliozungumza na Wanyaturu wameandika ya kuwa jina hili lilienea katika miaka ya 1970, baada ya Serikali kukataza kuwatahiri wasichana kwa sherehe. Kisha watoto wakaanza kukatwa wakiwa wachanga, kwa siri, kwa jina la tiba. Wembe hauui fangasi wala kijidudu cha mkojo. Huacha kidonda, damu, na wakati mwingine pepopunda, na ule mwasho huweza kurudi. Tena tangu mwaka 1998 ni kosa la jinai kumkeketa aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha miaka 5 hadi 15.

Dawa ya lawalawa imo katika sanduku tayari: maji safi ya vuguvugu mara mbili kwa siku, kukausha vizuri, kubadili nepi upesi, nguo zilizoanikwa juani. Kama siku 2 zikipita bila nafuu, au kuna homa au harufu mbaya, zahanati itatoa marhamu ya fangasi au dawa ya mkojo. Mama mkwe na bibi ndio wenye neno katika jambo hili nyumbani, basi mwalimu au mzee atakaye kufundisha na aanze kwao, kwa heshima, wala asimkemee mama kijana peke yake, ambaye mara nyingi hana ruhusa ya kukataa.

Vivyo hivyo meno ya plastiki, ambayo ni meno ya kawaida yaliyo bado ndani ya ufizi, hung'olewa kwa msumari kwa mtoto mwenye kuhara; na kimeo hukatwa kwa mtoto mwenye kikohozi. Wa kwanza alihitaji chumvichumvi, wa pili kuhesabiwa pumzi.

KUNUNUA NA KUTUNZA

Dawa zinunuliwe katika famasi au katika duka la dawa muhimu lililosajiliwa, ambalo hati yake imetundikwa ukutani. Maduka haya yalianzishwa kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, wauzaji wake wakifundishwa, yakaenea nchi nzima badala ya yale ya dawa baridi. Dawa za gulioni zilizoanikwa juani juu ya turubai zisinunuliwe hata kama ni nusu bei. Herufi EXP juu ya pakiti huonyesha mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika. Zisomwe kabla ya kutoa fedha.

Kila siku ya kwenda kliniki, mwenye sanduku alifungue, atazame tarehe, ahesabu pakiti zilizobaki, na kuandika katika daftari kilichotumiwa, kwa mtoto gani na saa ngapi. Daftari hilo mganga hulifurahia sana, maana huonyesha mtoto amekwisha kupewa nini. Dawa ya maji iliyogeuka rangi, au iliyofunguliwa zamani hata mtu hakumbuki siku yake, isitupwe jaani ambako watoto huchezea, wala chooni. Irudishwe zahanati, nao wataiteketeza pamoja na zao.